Feni Imetulia, Bibi Akaimba

Jumatano, Tangini

Feni ya kompyuta hii nusura initie wazimu. Inavuma, inapoa, inavuma tena. Kila nikimrekodi Bibi nyimbo zake za Kizaramo, ule mvumo unamfunika.

Leo akasema, "Mjukuu wangu, hilo dude mbona halitulii?" Nikacheka, lakini roho iliniuma. Kifua kinazidi kumbana, na Ijumaa anataka kurudi kwake Kisarawe.

Nikaingia kwenye mipangilio, nikaiwekea feni mwendo mmoja, wa chini. Nilihofia mashine itachemka na kuzima. Ilipata joto tu.

Bibi akauimba wote ule wimbo aliokuwa akimbembelezea mama yangu utotoni. Nimeusikiliza tena. Ni sauti yake tu.

Kesho tunaendelea. Haondoki mpaka tuzimalize nyimbo zake.