Waya Ndani, Sumaku Nje

Jumatatu, 1 Februari 1999
Vichwa vingi kibandani leo. Wembe umetulia. Tangu nipasuliwe Ulaya mwaka jana sitetemeki: waya umo ndani ya ubongo, betri yake iko chini ya ngozi ya kifua. Bonaya, mfugaji, bado ananitania: "Kinyozi, leo sikio yangu yote narudi nayo nyumbani?" Mjinga yule. Nampenda.

Jumatano, 3 Februari
Daktari aliyenipasua yuko Nairobi. Kapiga simu posta ya Garsen. Anataka kuweka sumaku kubwa nje ya kichwa changu, iamshe ubongo, aone mkono unajibu vipi waya ukiwaka na ukizimwa. Eti itawasaidia wagonjwa wengine.
Nimekataa. Kuzimwa? Nirudie kutetemeka kule? Hadija, mke wangu, ameiweka namba ya daktari juu ya redio.

Jumapili, 7 Februari
Nimeamka usingizi wa mchana mkono unaruka. Chai yote sakafuni. Mwandiko wangu ni kuku aliyepita matopeni. Betri imekufa, nadhani. Naogopa sana.

Jumanne, 9 Februari
Kibanda kimefungwa. Bonaya amekuja, kavuta kiti, kaketi. "Nyoa tu. Sikio iko mbili." Nimecheka, kisha nikalia mbele yake. Sikumnyoa.

Jumatano, 10 Februari
Nimempigia daktari. Kauliza Jumapili nililala na nini. Nikamjibu: na redio, kifuani, nikisikiliza habari. Akacheka. Spika ina sumaku ndani, na sumaku huzima betri yangu. Niiwashe kwa sumaku ile ndogo waliyonipa Ulaya.
Nimeitoa kabatini, nikaipitisha kifuani. Mkono ukatulia. Redio! Kinyozi hajinyoi, mwenyewe nisingejua. Nimeona haya.
Lakini nimetetemeka siku tatu na sikufa. Kesho namwambia daktari nakwenda.

Alhamisi, 18 Februari. Nairobi
Wamenizima. Sumaku ikagonga juu ya kichwa, tak, kidole kikaruka chenyewe. Wakaniwasha, wakagonga tena. Mistari kwenye skrini ikabadilika. Daktari alifurahi kama aliyeuona mwezi wa Idi.
Pembeni alikaa mama mmoja wa Machakos. Anatetemeka mikono yote miwili, na anaogopa kupasuliwa. Aliuona mkono wangu ukitulia. Akaomba kuushika. Nikampa. Hakuuachia mpaka chai ilipoletwa.