Pua ya Pikapu ya Noah

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Rodah Chepkorir
Umri: Hajui mwaka wa kuzaliwa, akadiriwa miaka 78
Kazi: Mkulima wa majani chai na ng'ombe
Makao: Karibu na Roret, Bureti
Tarehe: 15 Machi 2025

Mimi ndiye huyo ametajwa hapo juu. Sikusoma, lakini macho ninayo. Nimekuja kwa sababu ya Kepher, fundi wa magari, ambaye mmemweka ndani tangu jana. Watu wanasema ameua mjukuu wangu Noah. Hakumuua. Hilo liandikwe kwanza.

Noah ni mtoto wa kijana wangu. Alipozaliwa, akina mama waliita majina ya watu wetu waliokufa, mmoja mmoja, kama tunavyofanya sisi Wakipsigis, na akapiga chafya kwa jina la mume wangu. Tangu siku hiyo yeye ni mume wangu aliyerudi. Mimi namwita mzee wangu. Yeye akiniona nimekasirika anauliza, "Mama watoto, leo chai iko?" Afande, usicheke. Ama cheka, yeye alipenda watu wacheke.

Pikapu yake ilikuwa ya kubeba majani chai. Mwaka juzi Kepher aliiinua pua, ule upande wa mbele, kwa sababu ya matope. Goti langu la kushoto limekufa, kwa hivyo ilikuwa lazima Noah anibebe kuniweka kiti cha mbele.

Leo Jumamosi tulikuwa twende Bomet, kwa koito, kumwombea Noah mke kwa wazazi wa msichana wake, Chemutai. Mnamo tarehe 14 Machi, Ijumaa, mchana, mvua ikiwa imeisha, Noah alimwita Kepher nyumbani. Alimwambia, "Shusha pua. Kogo atashuka mbele ya wakwe kwa miguu yake. Hawezi kushushwa kama gunia la majani." Kogo ni mimi, nyanya yake. Nilikuwa mlangoni nikichambua mboga. Nikasema, gunia ni wewe. Walicheka wote wawili.

Chini ya gari kuna chuma kirefu kila upande. Kepher alinieleza kwamba ukikaza boliti yake pua inapanda, ukilegeza inashuka, lakini kwanza uinue gari na jeki. Walianza upande wa abiria, ukaisha vizuri. Upande wa dereva jeki ikaanza kuzama kwa matope. Kepher akasimama. Alisema, nilisikia na masikio haya, "Noah, toka huko. Hakuna mtu anaingia chini hapa mpaka nilete stendi za chuma kutoka gereji." Noah akasema sawa. Kepher akapanda pikipiki akaenda Roret.

Noah hakungoja. Alichukua kipande cha mti wa bluu gamu tuliokata juzi wa kuni, mbichi, akakiweka chini ya gari kishikilie. Nikamwambia, "Mzee wangu, umeambiwa ungoje." Akasema, "Boliti moja tu, mama watoto." Akaingia.

Ule mti uliteleza kama sabuni. Gari haikupiga kelele. Ilikaa tu. Ingekuwa juu kama zamani labda ingemwachia nafasi, lakini upande ule mwingine alikuwa ameshaushusha.

Nililia kwa nguvu. Wachuma chai wa jirani walikuja wakainua gari kwa mikono. Kepher akafika wakati huo, na stendi zake zimefungwa nyuma ya pikipiki. Alipiga magoti kwa matope akamshika Noah kichwa. Ni yeye aliendesha pikapu mpaka Kapkatet, Noah amelazwa nyuma juu ya magunia. Daktari akasema ameshatuacha.

Hapo hospitalini ndipo watu wetu waliona damu kwa mikono ya Kepher, wakasikia jeki ni yake, wakaanza kuuliza huyu Mjaluo ni wa nani hapa. Nilisimama mbele yake na fimbo yangu mpaka nyinyi mkaja.

Mimi sasa nitazika mtu mmoja mara ya pili. Lakini huko kwao ziwani kuna mama anamngoja Kepher. Mfungulieni.

Kuna kitu kingine. Nilipokuwa nashuka pale hospitalini ndipo nilijua kwamba nyumbani nilipanda mwenyewe. Hakuna mtu alinibeba, wote walikuwa wamembeba yeye. Niliweka mguu tu, nikakaa. Upande wangu, wa abiria, alikuwa amemaliza.

Hayo ndiyo niliyoyaona. Nimesomewa, na ndivyo nilivyosema.

Alama ya dole gumba: R. Chepkorir

Maelezo haya yameandikwa na mimi, Konstebo Ratemo. Kepher ameachiliwa saa saba mchana. Pikapu iko uani mwa kituo, imeinama upande wa kushoto. Kabla ya kuondoka shahidi aliomba aikalie kidogo. Nilimpa mkono nimsaidie kupanda. Aliukataa, akapanda mwenyewe.