Leso Iliyomfikia Bi Sauda

Mdogo wangu Rukia,

Leo natanguliza kosa, salamu zifuate. Si mashine ya Fuad iliyomchagulia Bi Sauda ile leso. Ni mimi. Jambo hili nimekuficha wiki tatu, na mwanao amelificha pamoja nami kwa adabu tu.

Sasa, assalamu alaikum. U hali gani? Magoti yako je, bado yakugombeza ukipanda ngazi za dukani? Mimi huku Toronto kwa binti yangu nala vijiko vitatu vya uji nahesabiwa nimeshiba. Daktari aliniambia moyo wangu umechoka. Nikamuuliza, "Utapumzika lini?" Akacheka, kisha akaacha kucheka ghafla, nami nikaelewa. Ndiyo maana naandika kwa mkono, na herufi zikipinda usinikumbushe kwamba miaka yote ile ya ualimu kule Kizingo niliwachapa watoto wa watu kwa hati mbaya. Binti yangu atazipiga picha kurasa hizi akutumie kwa simu, maana posta haitawahi Ijumaa, na Ijumaa ndiyo inayonitia hofu.

Wakumbuka Fuad alipotaka kuliweka duka kwenye simu, ukamwambia, "Nani atanunua leso bila kuipapasa?" Wakanunua. Wakanunua mabibi wa Kizingo wasiotaka kushuka garini, wakanunua na watu wa Nairobi. Mfumo wake ulipokea oda, ukaangalia stoo, ukaandika anwani, ukamwita wa boda boda. Kasoro ilikuwa moja: haukujua kwamba leso husema kwa maneno yaliyochapwa juu yake. Kwake leso nyekundu yenye nakshi ya korosho ni leso nyekundu ya korosho. Ikiisha, ulitafuta nyingine ya rangi ile ile, kana kwamba mtu anabadilisha vigae vya choo.

Ndipo Fuad akanipigia. "Mjomba, nakuomba unisaidie kusoma. Leso ikiisha, mashine itakuletea tatu kwenye simu, wewe uchague yenye maneno yanayofaa. Lakini mama asijue, amesema upumzike."

Nikamjibu, "Nitapumzika vya kutosha karibuni. Lete."

Basi kakako akaajiriwa uzeeni. Na nilifanya kazi, Rukia! Bibi mmoja aliagiza zawadi ya mama mkwe wake, mashine ikawa tayari kumpelekea iliyoandikwa "Chumba ni changu, wewe ni mgeni." Nikaizuia. Ndoa ile ipo mpaka leo kwa ajili yangu na wenyewe hawajui. Kila simu ilipolia nilijiona nimekaa Biashara Street, nimezungukwa na harufu ya wanga wa leso mpya, nawe wanigombeza niondoe miguu njiani.

Kisha ikaja ile oda. Mama wa bibi harusi alimwagizia Bi Sauda, nyanya ya bwana harusi, leso ya "Furaha yenu ni yetu." Ilikuwa imekwisha. Mashine ikaniletea tatu, na mojawapo ilikuwa "Karibuni nyumbani", ambayo hata kipofu angeichagua. Nikabonyeza. Iliyokwenda ni "Uzee umeingia, maringo hayajatoka."

Yaliyofuata ulinihadithia mwenyewe kwa sauti iliyomtoa binti yangu jikoni. Sauda aliingia dukani ameitandaza leso kwa mikono miwili, wateja wote wameduwaa.

"Rukia, mimi ni mwenzio au mke mwenzio?"

"Nimekufanyani, Sauda?"

"Hebu nisomee hapa. Soma kwa sauti, wateja nao wafaidike."

"Wallahi si mimi. Ni mashine."

"Mashine! Mashine ilinionea wapi nikiringa?"

Na yule mteja wa pembeni aliyeuliza, "Samahani, hii bado ipo?" ndiye aliyekumaliza.

Hapo nilicheka, usinilaumu. Lakini sasa sicheki. Sauda, aliyekukalisha kwenye mkeka wake chuoni akakufundisha alifu, ameapa hatakanyaga harusini iwapo wewe upo. Fuad umemfukuza dukani, yuko bandarini Kilindini abeba makaratasi ya wakala wa forodha, na duka la simu umesema utalifunga Ijumaa hii. Nilimpigia nikamuuliza kwa nini hakunitaja. Akasema, "Mjomba, wewe u mgonjwa. Mimi bandari nitaizoea."

Neno hilo siwezi kwenda nalo kaburini. Mrudishe mwanao, Rukia. Mashine yake haikukosea siku ile. Iliuliza mtu, na mtu ndiye aliyekosea. Miwani yangu ilikuwa imepotea tangu asubuhi. Binti yangu alikuja kuiona jioni ndani ya friji, juu ya mayai. Mimi nilibonyeza kwa kukisia, basi.

Msomee Sauda barua hii hadi kwenye sahihi. Chini ya sahihi ni yako peke yako.

Nisalimie mumeo, shemeji yangu. Mwambie najua alikuwa akificha kete za bao kwenye kikoi, na nimemsamehe. Mpe mkono mke wa Fuad kwa subira yake, wabusu wajukuu, na umsalimie yule muuza kahawa jirani yetu, ambaye husema nimefariki kila nikichelewa kupiga simu. Safari hii asubiri kidogo tu. Mniwie radhi nyote.

Ndugu yako wa tumbo moja,
Salim

Rukia, hapa sasa ni mimi na wewe. Ulikuwa mtoto wakati ule, lakini nadhani wakumbuka marehemu shangazi alivyorudi nyumbani na doti mbili za leso nilizompa apeleke posa, akaziweka kitandani akasema, "Wamezikataa." Ukaniuliza ni nyumba gani, nikakwambia nenda kacheze. Ilikuwa ya kina Sauda. Sauda mwenyewe alimwambia shangazi, mbele ya watu, kwamba mwalimu mwenye suruali moja angoje apate ya pili.

Nilimwoa mama wa binti yangu, Mungu amrehemu, tukaishi kwa raha, na Sauda nikamsahau. Nilidhani hivyo. Kisha jina lake likanitokea kwenye simu, na chini yake leso tatu. Nilizisoma zote, polepole, kama ninayesahihisha mtihani. Ile ya mwisho nikairudia mara mbili.

Miwani nilikuwa nimeivaa. Kwenye friji niliiweka mwenyewe, baadaye.