Hadubini ya Wageni

Jumatano usiku

Eti watoto wa wakulima wa korosho wataichafua hadubini kwa mikono yenye utomvu! Ndivyo alivyosema mkuu wetu wa shule, msomi mzima. Ufunguo wa kabati inamofungiwa kanipa mimi, karani wa mkataba, nisimfungulie mtu mpaka waje wageni.

Mkuu alipotoka, Somoe wa kidato cha pili akaja ofisini. Mtihani wao ni wiki ijayo. "Kaka, niione tu. Mwaka mzima tunaichora."

Nikafungua. Akachungulia.

"Mbona giza tupu?"

Nikamwita mwalimu wa biolojia. Akaizunguka kama inauma. "Irudishe, bwana. Hata mimi naijua ya vitabuni."

Mkuu akijua, kazi sina. Somoe akifeli, sisi watatu wenye vyeti, mkuu, mwalimu na mimi, tutasema hakusoma.