Kipigo cha Tisini na Nane

Jumamosi, 8 Machi

Nimemuua Kengele. Leo, saa kumi na robo jioni, jaribio la tisa. Lile jitu la kwenye gemu, linaloburuta kengele ya shaba kwa mnyororo kama mtu anayehama na kabati lake, limepiga magoti mbele yangu. Mbele yangu mimi, fundi cherehani wa miaka hamsini na moja, mwenye kifundo cha mkono kilichotoka kwenye plasta juzi tu. Wiki tatu, ili niwe sahihi.

Mdogo wangu alipiga makofi. Mkewe naye. Wifi akasema mikono ya fundi haizeeki. Nilifurahi, sikatai. Tangu nidondoke kwenye ngazi nikifuata jora la juu, ni mara ya kwanza mkono huu wa kulia umefanya kitu cha kupigiwa makofi. Kule kwenye karakana yangu — niliyoianza na cherehani moja ya kuazima — wifi, anayeiendesha tangu niumie, ananipa vifungo nishone. Vifungo! Mkasi mkubwa ameufungia kabatini, eti nisije nikajiumiza.

Mtaalamu wa viungo ndiye aliyesema vidole vifanyishwe kazi. Mdogo wangu akaniwekea mashine yake ya gemu sebuleni. Siku za kwanza kitufe cha kukwepa tu kilinitoa machozi.

Vipigo kumi na nane. Nilihesabu. Mimi nahesabu kila kitu.

Jumapili, 9 Machi

Siwezi kukaa. Naandika nimesimama.

Asubuhi mdogo wangu aliingia kwenye gemu kwa jina lake akapigana na Kengele yuleyule. Nilikuwa pembeni na kikombe changu, nahesabu kama kawaida. Vipigo sitini na moja. Na upanga wake una nguvu arobaini, wangu ishirini na tano, imeandikwa palepale kwenye orodha ya silaha. Arobaini mara sitini na moja: elfu mbili mia nne na arobaini. Ishirini na tano mara kumi na nane: mia nne na hamsini. Jitu moja, vipimo viwili? Hata koti la pacha halikatwi hivyo.

Alipoenda kuoga nikafungua mipangilio. Kwa jina lake, mstari wa tatu: Ugumu — Ngumu. Kwa jina langu: Ugumu — Rahisi Kabisa.

Nikamngoja mlangoni pa bafu. Aliponiona alijua kabla sijafungua mdomo.

"Dada, siku ile ya pili ulikuwa unalia."

"Nililia. Nilikuomba kitu?"

"Nilikuonea huruma. Ni gemu tu, Dada."

"Na mkeo alijua?"

Akaanza kukunja taulo.

Kumbe yale makofi! Walikuwa wanampigia mtoto aliyevaa viatu mwenyewe. Kinachoniuma si kurahisishiwa. Ni kurahisishiwa kwa siri, halafu nikashangilia.

Haya. Elfu mbili mia nne na arobaini, gawanya kwa ishirini na tano. Tisini na saba na kitu. Tisini na nane. Hiyo ndiyo idadi ninayodaiwa na lile jitu.

Nimeweka Ngumu. Kwa kidole changu mwenyewe.

Jumatatu, 10 Machi

Jaribio la kwanza: nimekufa ndani ya sekunde sita. La pili: nne.

Karakana. Jumatatu ijayo tunaanza makoti arobaini ya walinzi, kitambaa kizito, tabaka nane kwa kila mkato. Wifi ameshamwita mkataji wa nje, yule tunayemwita Nyundo. Bila kuniuliza. "Wifi yangu, wewe utakaa tu utusimamie." Nikae nisimamie meza niliyoinunua mimi. Nikashona vifungo sitini na vinne.

Jumatano, 12 Machi

Nimefika jaribio la ishirini na tatu, na nimeanza kumjua. Kengele hapigi ovyo. Moja, mbili, kimya, tatu. Ile kimya ndiyo inayoua — unadhani amemaliza, unaingia, ya tatu inakukuta njiani. Kule kwenye Rahisi Kabisa ya tatu haikuwepo, ndiyo maana sikujifunza kitu. Nilikuwa napigana na koti lililotundikwa.

Baada ya ya tatu anahema sekunde mbili. Sekunde mbili ni vipigo viwili. Ukitaka cha tatu umekwisha. Tamaa ya kipigo cha tatu imeniua mara kumi na nne kati ya ishirini na tatu, nimeandika nyuma ya daftari la vipimo.

Vipigo viwili kwa mzunguko, mizunguko arobaini na tisa, kila mmoja sekunde saba. Dakika tano na sekunde arobaini na tatu. Mkono wangu unashika dakika nne, kisha vidole viwili vya mwisho vinakufa ganzi. Kwa hiyo lile jitu silo tatizo. Tatizo ni dakika moja na sekunde arobaini na tatu za mkono.

Alhamisi, 13 Machi

Majaribio kumi na moja. Hakuna kitu. Mdogo wangu alipita akasema kwa upole kwamba ipo levo ya katikati. Nikamuuliza kama amenisikia nikiuliza njia. Akaenda zake.

Ijumaa, 14 Machi

Kliniki. Nimeminya kile kifaa chao: kilo kumi na tisa. Wiki mbili zilizopita zilikuwa kumi na moja. Mtaalamu akataka kujua nafanya mazoezi gani. Nikamwambia napigana. Akacheka, kisha akaona mimi sicheki. Akasema kilo ishirini ndiyo ya mkasi wa kitambaa kizito. Chini ya hapo nipunguze mzigo na nipumzike kila mara.

Kilo moja!

Jumamosi, 15 Machi

Nimeamka nikiwa na jibu. Mkasi mkubwa haubebwi. Mkataji anayebeba mkasi hewani anachoka kabla ya kola. Upande wa chini unalala mezani, mkono unafungua na kufunga tu. Na mimi wiki nzima nimeshika padi ya gemu hewani, nimeikaba kama mwizi. Nimevuta kimeza, nikaweka mto juu yake, nikalaza padi. Wakati Kengele anahema, napiga mara mbili. Wakati wa kimya, nalegeza vidole.

Jaribio la arobaini na moja. Mdogo wangu yuko mlangoni. Wifi amesimama na beseni la nguo kiunoni, anajifanya anapita.

Dakika ya nne ikapita. Vidole vipo. Kipigo cha themanini, Kengele akakata mnyororo wake, akaikamata kengele mikononi na kuanza kuja mbio. Nilikuwa nimeyaona hayo Jumapili kwa mdogo wangu, lakini kuyaona na kuyapokea usoni ni mambo mawili. Moja, mbili, kimya — na kimya ikawa ndefu, ndefu kuliko zote, na mimi nikaanza kuingia.

"Wifi, bado ya tatu!" akapaza sauti mke wa mdogo wangu.

Nikarudi nyuma. Kengele ikapita puani kwangu.

Themanini na mbili. Tisini. Damu yangu imebaki uzi. Tisini na sita. Moja, mbili, kimya, tatu. Anahema tu. Tisini na saba. Tisini na nane.

Amepiga magoti.

Hakuna aliyepiga makofi. Mdogo wangu alifuta uso kwa fulana. Wifi akatua beseni.

"Tisini na nane?"

"Tisini na nane."

"Nilidhani nimeruka moja," akasema. Naye alikuwa anahesabu!

Jumatatu, 17 Machi

Karakana, saa nne na nusu. Kabati nimelikuta wazi, funguo zinaning'inia. Mkasi nimeutoa mwenyewe.

Tabaka nane zilikuwa zimeshatandazwa. Nimeondoa mbili. Nikasema kwa sauti, wifi asikie na Nyundo asikie: mkono una kilo kumi na tisa, tabaka ni sita, na aliyepunguza ni mimi. Nyundo, amekaa kwenye kiti cha wateja na mikono ameikunja, akasema kwa sita mikato itaongezeka. Nikamwambia itakuwa saba badala ya mitano, kugawanya najua. Wifi akacheka, kisha akajifanya anatafuta chaki.

Mkato wa kwanza umetoka safi, kingo zote sita zimelingana. Wa pili vilevile. Wa tatu nimeufikisha mwisho na vidole viwili vya pembeni vimeanza kuwaka. Nimelaza mkasi. Naandika haya ukingoni mwa meza huku nikivilegeza.

Nyundo ameinuka. Amekuja hadi mezani, amenyoosha mkono kuelekea mkasi, anasema shangazi nipishe nimalizie.

Wifi hata hakuinua kichwa kutoka kwenye cherehani. "Kaa," amemwambia. "Anahema tu."

Bado minne.