Darubini Apata Mpinzani

Jumapili, 2 Novemba

Southall kama kawaida. Chumba cha nyuma cha duka la Bhogal, majora ya vitambaa, hita moja. Bhogal aliweka picha mezani, maandishi kayafunika kwa karatasi. Mchezo wetu wa kila Jumapili: taja ndege, taja kambi. Zote ni picha za jeshi la India, na zote zimeshachapishwa hadharani, maana Bhogal hataki matatizo na mtu. Ya kwanza niliimaliza kabla chai haijamiminwa. Jaguar, Gorakhpur. Si bure wananiita Darubini.

Manjit alikuwepo. Nasubiri kupasuliwa mtoto wa jicho, siruhusiwi kuendesha gari, kwa hiyo mke wangu ndiye dereva. Alikaa pembeni na sweta analofuma.

Picha ya pili nikasema Jodhpur. Sauti ikatoka pembeni: "Hiyo Ambala." Alikuwa ametupa jicho mara moja tu. Bhogal akafunua karatasi. Ambala.

Mwangi, mchezaji mwenzetu, alicheka hadi akakohoa. "Haki ya Mungu, Darubini, leo shemeji amekupiga chenga!" Nilicheka pia. Meno tu.

Jumatatu, 3 Novemba

Nina hasira. Kazaliwa India, sawa. Baba yake alikuwa jeshini, akihamishwa kambi hadi kambi. Lakini alikuwa mpishi! Mpishi anajua dengu. Mimi Mhindi wa kuzaliwa Nakuru, India nimeenda kwa harusi tu, na kila ninachojua nimekisoma kwa jasho langu.

Bahati. Hairudi.

Jumapili, 9 Novemba

Imerudi.

Bhogal alimwekea kiti karibu na hita. Mimi nilikaa mlangoni, kwenye baridi. Picha ilikuwa ya helikopta mbele ya banda. Nikatazama mkia, nikatazama magurudumu. Yeye akatazama kamba ya nguo nyuma ya banda. Akasema hapo ni kusini, wameanika misuli ya kujifunga kiunoni na hakuna sweta hata moja. Sulur, akasema. Ikawa Sulur.

Mwangi akampa mkono. "Huyu sasa ndiye Mama Darubini!"

Jina langu. Nimelitafuta miaka, yeye kalipata kwa kuangalia nguo zilizoanikwa. Nilitamani akosee. Mke wangu mwenyewe, nilitamani aaibike mbele za watu.

Jumatano, 12 Novemba

Bhogal kamwingiza Manjit kwenye grupu letu la simu. Simu zetu sasa zinalia pamoja mezani. Yeye anajibu, wanampigia makofi ya emoji. Mimi nikijibu, kimya.

Binti yetu alipiga simu kutoka Hayes. Akauliza, kwa Kiingereza chake, kama namwonea mama yake wivu. Nikasema mtandao mbaya, nikakata.

Jumapili, 16 Novemba

Nilikwenda kwa basi, peke yangu. Nilimwambia Manjit apumzike. Aliniangalia, akasema haya.

Sikuwa hata nimevua koti. "Shemeji yuko wapi?" Mwangi huyo. Hakuna aliyeniuliza habari za jicho.

Halafu Bhogal akatoa habari. Mzee mmoja wa Hounslow, Gurdev, ameachiwa picha na marehemu kaka yake aliyekuwa fundi wa ndege za jeshi la India. Zitaonyeshwa maktaba ya huko kwao. Hazina maelezo. Anatafuta mtu mmoja wa kuyaandika, na jina la mtu huyo litawekwa ukutani. Jumapili ijayo atakuja kututazama tukicheza, achague.

Jina langu ukutani. Kitu hiki nimekitaka kuliko ninavyoweza kusema. Bhogal akaongeza kwamba lazima nije na Manjit. Sikulala vizuri mchana, na huwa nalala.

Jumapili, 23 Novemba

Nimepata! Kazi ni yangu!

Gurdev alitandika picha za kaka yake. Tulikwenda sambamba, mimi hii, Manjit ile. Jasho lilinitoka. Ikabaki moja: ndege ya mizigo, Antonov, na nyuma yake safu ya nyumba ndogo za familia. Nikasema Tezpur. Nikaeleza milima, mawingu, rangi ya ndege. Nilieleza vizuri, hata mimi nilijiamini.

Gurdev akamgeukia Manjit. Manjit aliishika ile picha muda mrefu. Akaiweka chini taratibu. "Sijui," akasema. "Mwulizeni yeye."

Gurdev akanipa mkono, akanikabidhi na picha nikaandikie nyumbani. Mwangi akapiga meza. Darubini amerudi!

Njiani Manjit hakuwasha redio. Nilizungumza mimi, kutoka Southall hadi mlangoni.

Jumanne, 25 Novemba

Nilishuka ngazi kwa ajili ya maji. Manjit alikuwa jikoni, na ile picha ya Antonov mkononi. Hakuitazama ndege. Kidole chake kilikuwa kwenye nyumba.

Nikamuuliza. Akaigeuza picha kifudifudi. Nikauliza tena, kwa ukali.

Si Tezpur. Ni Jorhat. Mlango wa tatu ni wa kwao. Ndiyo kambi yao ya mwisho, ameishi hapo hadi baba yake alipostaafu. Mama yake amefia humo. Nyumba zilibomolewa zamani, na picha ya nyumba ile hawajawahi kuwa nayo, yeye wala ndugu zake.

Na alisema hajui.

Nilipandwa na hasira, Mungu anisamehe. Nikamuuliza nani kamwomba anihurumie. Akasema: "Ulikuwa unaumwa na jambo hili. Nimekuona." Nikasema alipaswa kuniambia zamani kwamba ameishi Jorhat.

"Hukuniuliza."

Akarudi kuosha vyombo.

Jumatano, 26 Novemba

Kweli. Sikumuuliza. Mke wa mtu amekaa kambini utoto wake wote, na huyo mtu anapanda basi kwenda kuwauliza wauza vitambaa kambi zikoje. Mama yake nilijua amefariki Manjit akiwa mdogo. Wapi, sikujua. Nilidhani najua.

Wivu haujaisha. Umehama tu. Leo nauonea ule mlango wa tatu, ambao umemjua kabla yangu na kuliko mimi.

Nimempigia Gurdev. Nimemwambia si Tezpur, na kwamba aliyejua alinyamaza kwa ajili yangu. Akaniuliza sasa aandike jina la nani. Nimetaja la Manjit. Nimelirudia, herufi kwa herufi, aliandike sawa.

Mwangi keshapata habari. "Pole, mzee wangu," amesema, bila kucheka. Kicheko kingekuwa afadhali.

Jumamosi, 13 Desemba

Hounslow, maktaba. Mvua. Watu si wengi.

Manjit aliandika maelezo yote mwenyewe. Kuhusu ndege, mstari mmoja mmoja. Yaliyobaki ni nani alipika, nani alifua, maji yalichotwa wapi. Chini ya Antonov hakuandika kwamba ni kwao. Aliandika jina la mama yake na saa aliyozoea kuketi mlangoni.

Jina lake liko ukutani peke yake. Nilisimama nyuma ya watu nikalisoma. Liliniuma kidogo.

Bwana mmoja mwenye mwavuli akanigeukia, akaniuliza kama namjua huyu mama aliyeandika.

Nikasema ndiyo, ni mke wangu.

Njia nzima ya kurudi, Manjit akiendesha, nilijiuliza kama ile ndiyo yangu ilikuwa kweli.