Ufunguo wa Yustina

Mpendwa Bi Zubeda, naomba unisome mpaka mwisho kabla hujaninunia. Mimi ni mjane, nina nyumba ya vyumba vinne vya kupangisha huku Nsemulwa, na chumba cha mbele alikuwa anakaa Yustina, fundi cherehani, miaka sita, hajawahi kunisumbua kwa kodi wala kwa maneno, na kila mwaka mpunga ukiiva huwa anakwenda kwao Mamba kuvuna na ndugu zake, ananiachia ufunguo, ananiambia "Mama Edgar, nitunzie," basi. Mwaka huu alipoondoka akaja mfanyabiashara wa mazao anatafuta chumba, yuko tayari kulipa mwaka mzima kwa mkupuo, na mimi nina vyumba vingine viwili vya uani vimesimama bila bati tangu mume wangu afariki, nikaona nafasi yangu ndiyo hii. Kodi ya Yustina ilikuwa haijaisha. Nilimpigia simu mara moja, hakupatikana, na nakiri, Bi Zubeda, nilifurahi kwamba hakupatikana. Nikachukua ufunguo ule ule, nikafungua, nikahamishia vitu vyake kwenye banda la kuni nikijiambia nikishaezeka nitampa chumba kimoja cha uani, kumbe bandani kuna mchwa, wakala meza ya cherehani, wakala na vitambaa vya sare za kwaya yetu ya akina mama alivyopewa ashone.

Aliporudi hakugombana. Aliviangalia vile vitambaa, akaniuliza, "Mama, si ungenipigia hata kwa simu ya shangazi kule Mamba?" Kisha akaita bajaji, akapakia vilivyobaki, ila gunia la mchele aliloniletea kutoka Mamba akaliacha mlangoni kwangu. Sasa amepanga Kawajense. Linaloniumiza zaidi ni kwamba mimi mwenyewe ni mwanakwaya, na siku wenzangu walipomsema kuwa ni fundi mzembe, kawaharibia vitambaa, nilikuwepo, nikanyamaza, nikainamia daftari la nyimbo. Wameacha kumpelekea kazi. Wapangaji wangu waliobaki wamebadilisha makufuli, hakuna anayeniachia ufunguo tena. Najuta mno. Je, nimrudishie mchele wake? Na nifanyeje arudi?

Mama Edgar, Nsemulwa, Mpanda

Bi Zubeda anajibu:

Mama Edgar, pole. Ujane na vyumba visivyoezekwa si mzigo mdogo, naelewa tamaa ilipoingilia. Pole yangu inaishia hapo. Kodi ikiwa haijaisha, chumba ni cha mpangaji, hata kama ukuta umeujenga wewe. Ungekitaka, ungesubiri arudi, ukampa notisi kwa maandishi, ukampa muda wa kutafuta pengine. Huyo mfanyabiashara angengoja au angekwenda zake. Wapangaji Mpanda hawajaisha. Ufunguo ulipewa uutunze, wewe ukautumia.

Halafu unaniuliza habari za mchele! Umeharibu jina la fundi, mwenzangu, na jina hilo ndilo linalomlisha. Siku ya mazoezi, kabla hamjaanza kuimba, simama useme kwa mdomo wako kwamba vitambaa vimeharibika kwa mikono yako. Usianze na habari za mchwa. Nunua vitambaa vingine, tengenezesha meza kwa seremala, mrudishie na kodi ya siku ambazo hakukaa, hata kama bati zako zitasubiri mwaka mwingine. Halafu nenda Kawajense mwenyewe, usimtume Edgar. Usimwombe arudi kupanga, hamu hiyo ni yako, si yake. Omba msamaha, kisha nyamaza umsikilize, maana kunyamaza unakujua.

Na wapangaji ulionao waandikie mikataba, notisi iwemo, na kwamba chumba cha mtu hakifunguliwi mwenyewe hayupo. Wasikie kuwa wewe ndiye uliyetaka iandikwe.

Mchele usiurudishe, utamtukana mara ya pili. Upike, umwalike Yustina pamoja na wapangaji wako wote. Asipokuja, pakua hivyo hivyo, na kabla hawajaanza kula waambie mchele ni wa nani, na kwa nini mwenyewe hayupo.